Kutoka Vatikani hadi Mpala: Dola Ndogo ya Kikatoliki Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

  

Ndugu msomaji, nchi ndogo kuliko zote duniani ni ya Wakatoliki. Nayo ni Vatikani, iliyo ndani ya jiji la Roma. Eneo lake lote ni hekta 44, yaani kiasi cha ekari 109. Mkulima wa Butiama au Bunda anaweza kulipiga jicho shamba la ukubwa huo kutoka mwanzo hadi mwisho, na wakazi wake hawafiki 1,000. Wengi wetu tumeisikia nchi hiyo. Wachache sana wanajua kwamba karne moja na ushee iliyopita palijaribiwa kusimamishwa dola nyingine ndogo ya Kikatoliki hapa kwetu Afrika, katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Mpala. Mkuu wake wa kijeshi alikuwa askari aliyewahi kuilinda dola ya Papa kule Roma, na wapinzani wake wakubwa walikuwa Waislamu wa Ujiji.

Habari hii inatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa. Shirika la mapadri lililoitawala Mpala, yaani Mapadri Weupe, ndilo lililofungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, karibu na hapa Musoma. Inatuhusu zaidi kwa sababu ndani yake mna swali ambalo Waislamu wa Afrika Mashariki wamelikwepa kwa muda mrefu: je, wafanyabiashara wa Kiislamu wa bara walikuwa na haki gani kisharia katika yale waliyoyatenda?

DOLA YA PAPA NA UKUTA WAKE

Tuanze Roma, ili mambo ya Mpala yaeleweke. Mapapa hawakuwa viongozi wa dini peke yake. Tangu mwaka 756, mfalme Pepin wa Wafaranki alipompa Papa ardhi alizowanyang'anya Walombardi, Papa alikuwa pia mtawala wa nchi. Alikuwa na jeshi, kodi, mahakama na magereza. Dola hiyo ilienea katikati ya Italia na iliishi zaidi ya miaka 1,100.

Mwaka 846 kikosi cha Waislamu kutoka upande wa Afrika Kaskazini kilipanda Mto Tiber, kikaingia katika Kanisa la Mtakatifu Petro na kupora hazina zake. Wakati huo kanisa hilo lilikuwa nje ya kuta za jiji, halina ulinzi wa maana. Papa Leo wa Nne akajibu kwa kujenga ukuta mrefu kulizunguka eneo lote la Vatikani. Kazi ilianza mwaka 848 na ikamalizika mwaka 852. Mwaka 849 Waislamu walishindwa katika vita vya baharini karibu na Ostia, na mateka wao wakatumikishwa katika ujenzi wa ukuta huo huo. Sehemu ya ukuta wa Leo ingalipo hadi leo. Kwa hiyo, msomaji, miongoni mwa majengo ya kale ya Vatikani limo moja ambalo chanzo chake ni uporaji uliofanywa na watu wa dini yetu.

Majengo yanayojulikana zaidi yalikuja baadaye. Kanisa kubwa la Mtakatifu Petro la sasa lilianza kujengwa mwaka 1506 na kuzinduliwa mwaka 1626. Kuba lake lilisanifiwa na Michelangelo, ambaye ndiye aliyechora dari la Kanisa dogo la Sistina kati ya 1508 na 1512. Humo ndimo makadinali hukutana kumchagua Papa. Uwanja wenye safu za nguzo mbele ya kanisa ni kazi ya Bernini ya karne ya 17. Walinzi wa Kiswisi wenye mavazi ya rangirangi nao wapo tangu mwaka 1506.

Dola hiyo kubwa ilivunjika tarehe 20 Septemba 1870 (1287 H), pale majeshi ya Mfalme wa Italia, ambao nao walikuwa Wakatoliki, yalipoiteka Roma. Papa Pius wa Tisa akajifungia Vatikani, akajiita mfungwa. Mgogoro huo uliendelea hadi tarehe 11 Februari 1929 (1347 H), ulipotiwa saini mkataba wa Laterano baina ya Kardinali Pietro Gasparri na Benito Mussolini. Ndipo ikazaliwa nchi ya Vatikani tuijuayo sasa.

Baina ya 1870 na 1929, basi, Papa hakuwa na nchi inayotambuliwa. Ni katika kipindi hicho hicho ndipo ndoto ya dola ya Kikatoliki ilipohamia Afrika.

ASKARI WA PAPA

Miongoni mwa waliopigana kuilinda dola ya Papa alikuwamo kijana wa Kifaransa, Léopold Louis Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842. Alijiunga na jeshi la kujitolea la Papa mwaka 1860, akatekwa katika vita vya Castelfidardo mwaka huo huo, akarudi tena jeshini na kufikia cheo cha kapteni. Kikosi chao kiliitwa Mazuavu. Jina hilo asili yake ni Zwawa, kabila la Waberberi Waislamu wa Algeria, ambao Wafaransa waliwaandikisha jeshini na kisha kuiga mavazi yao. Hivyo walinzi wa Papa walivaa suruali pana na vizibao vya Waislamu wa milima ya Algeria!

Huko huko Algeria, mwaka 1868, Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliasisi Shirika la Mapadri Weupe. Aliwaagiza waishi kama wenyeji: wale chakula chao, waseme lugha yao na wavae kama wao. Ndiyo maana vazi lao lilikuwa kanzu nyeupe na joho la Kiarabu, na rozari ikaning'inizwa shingoni mfano wa tasbihi. Wazee wetu waliowaona mapadri hao huku Mara walishangaa kuwaona wamevaa kama masheikh. Sababu yake ndiyo hiyo.

Msafara wao wa kwanza uliondoka pwani mwaka 1878. Bara waligawanyika: wengine wakaelekea Nyanza na kufika Buganda, wengine wakaelekea Tanganyika na kufika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Lavigerie aliona mapadri peke yao hawatoshi. Alitaka awepo mkuu Mkristo atakayetawala kwa silaha na kuzunguka misheni kwa ulinzi, utokee ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Wakati Roma Papa amepoteza ufalme, askari wake wa zamani walikuwapo, hawana kazi. Joubert alikuwa mmoja wao.

KUSIMAMA KWA MPALA

Mpala haikuanzishwa na mapadri. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda jumuiya aliyodai ni ya uchunguzi na ya kupinga utumwa. Jumuiya hiyo ilijenga ngome Karema, upande wetu wa Tanganyika, mwaka 1879. Mwaka 1883 ofisa wake, Luteni Émile Storms, akavuka ziwa na kujenga ngome nyingine katika nchi ya mtemi Mpala.

Storms hakuja na tasbihi mkononi. Mwezi Desemba 1884 watu wake walimshambulia mtemi Lusinga, aliyekuwa mwindaji wa watumwa na mpinzani wake katika milima ile, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu la Lusinga lilipelekwa Ubelgiji na kuhifadhiwa Brussels. Baada ya miaka mingi Wabelgiji wenyewe walianza kuona aibu, na sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani moja ya Brussels ikaondolewa mwaka 2022.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alielekeza nguvu zake upande wa Atlantiki, na vituo vyake vya Tanganyika akamkabidhi Lavigerie. Mapadri wakaingia Mpala na kukuta wamerithi si nyumba tu bali utawala: watemi wa kandokando walioleta kodi, askari wenye bunduki, na watu waliokuja kuamuliwa kesi zao. Padri aliyepokea kituo, Isaac Moinet, alijikuta ni kama mfalme wa muda.

Joubert alifika Mpala mwaka 1887 na kupewa madaraka ya kiraia na ya kijeshi. Alifundisha wenyeji kutumia silaha, akakata mashauri, akalinda vijiji. Mwaka 1888 alimuoa binti wa pale misheni, Agnes Atakaye, akafanya makazi yake Mrumbi. Hakurudi tena Ulaya. Hiyo ndiyo ilikuwa dola ndogo ya Kikatoliki: kanisa, ngome, kapteni mmoja, askari wenyeji, na vijiji vya watu waliokuwa wakikimbia. Wakikimbia nini? Hapo ndipo penye maumivu ya habari hii.

UPANDE WA UJIJI

Ujiji ulikuwa mji wa Waislamu, wenye misikiti na bendera ya Sultani wa Zanzibar. Mapadri walipofika mara ya kwanza, mkubwa wa mji, Mwinyi Heri, aliwapokea. Baadaye nguvu zikawa mikononi mwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Alikuwa mshirika wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Biashara yao kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Lakini pembe zilihitaji wapagazi, wapiganaji na watu wa kubadilishana, na hao walipatikana kwa kuvamia vijiji. Katika pande za magharibi za ziwa vijiji vilichomwa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba.

Waliookoka walikimbilia palipo na ukuta. Ukuta uliokuwapo ulikuwa wa Mpala. Hivyo kila kijiji kilichochomwa na watu wa Ujiji kiliiongezea dola ya mapadri raia wapya.

Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Michango ikamiminika na vijana wakajiandikisha. Kapteni Jacques wa Ubelgiji alifika ziwani mwaka 1891 na kujenga ngome ya Albertville, ambayo leo ni mji wa Kalemie. Watu wa Rumaliza waliizingira mwaka 1892 bila ya kuitwaa. Vita vikubwa baina ya dola ya Kongo ya Leopold na Waislamu wa bara vikapiganwa kuanzia 1892, na mwanzoni mwa 1894 Rumaliza alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani.

Mpala nayo haikudumu kama dola. Serikali ya Leopold ilipofika, haikutaka mfalme mwingine ndani ya mipaka yake. Madaraka ya Joubert yakayeyuka, akabaki mzee wa misheni. Na wale waliookolewa kwa Rumaliza wakajikuta chini ya Leopold, ambaye ukatili wa watu wake katika kukusanya mpira ulipigiwa kelele duniani hadi akanyang'anywa Kongo mwaka 1908.

SHARIA INASEMAJE?

Ndugu msomaji, vitabu vya shule mara nyingi huandika "Waarabu" na "utumwa" katika mstari mmoja, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba Rumaliza alikuwa akitekeleza Uislamu. Baadhi yetu hujibu kwa kukanusha kila kitu, na wengine humfanya Rumaliza kuwa mujahidina. Njia zote hizi hazifai. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa (4:135) kusimamia uadilifu hata kama ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Historia ni ushahidi.

Tuipime kazi ya watu wa Ujiji kwa mizani ya fiqhi.

Kwanza, asili ya mwanadamu ni uhuru. Mwanachuoni wa Timbuktu, Ahmad Baba, alipoulizwa mwanzoni mwa karne ya 17 juu ya watu weusi waliokuwa wakiuzwa, alijibu kwamba rangi si sababu ya utumwa, na kwamba asiyethibitika kuwa alitekwa katika jihadi halali haijuzu kumnunua. Jibu hilo liliandikwa karne mbili na nusu kabla ya Rumaliza, na liliandikwa na Mwafrika Mwislamu.

Pili, uvamizi wa vijiji kwa ajili ya pembe haukuwa jihadi. Watu hawakulinganiwa dini, hawakupewa nafasi ya mkataba wala ya jizya. Kuvamia watu wasiokupiga vita ili uwateke ni ufisadi katika ardhi.

Tatu, katika hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahih Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru na kula thamani yake. Ni Mwislamu gani anaweza kuisoma hadithi hiyo kisha akatetea minyororo ya Manyema?

Nne, hata amri ya mtawala wao ilikuwa dhidi yao. Sultani Barghash bin Said alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Kweli alisukumwa na Waingereza, lakini amri ilitoka kwake, na wao walidai kuwa raia zake.

Kuna jambo la tano, nalo ndilo linalouma zaidi. Katika Suratut-Tawba (9:60) Allah ametaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na moja wapo ni kukomboa watumwa. Mwislamu wa Ujiji alikuwa na faradhi katika dini yake yenye fungu la kumnunua mtumwa na kumwacha huru. Lakini waliokuwa wakienda katika soko la Ujiji na kununua watoto ili wawatoe katika minyororo walikuwa mapadri. Tuliacha fungu letu, wengine wakalichukua, na watoto wale wakawa wao.

Uadilifu huo huo unatutaka tuseme pia kwamba mapadri hawakuwa malaika. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka dini gani. Alilelewa katika kijiji cha misheni na chini ya kanuni zake. Ngome waliyoirithi ilikuwa imejengwa na mtu aliyekata vichwa. Na dini iliyosimama kwa bunduki za kapteni ni ile ile dini tunayoilaumu kwa wengine. Lakini kosa la mwingine halifuti la kwetu.

Vivyo hivyo kwa uporaji wa mwaka 846. Suratul-Hajj (22:40) inazitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti kuwa ni mahali panapolindwa na Allah. Abu Bakr (r.a.) aliliusia jeshi lake liwaache watawa katika nyumba zao za ibada, na Umar (r.a.) aliwapa amani watu wa Baitul-Maqdis pamoja na makanisa yao. Waliopora kaburi la Petro hawakuwa katika njia ya makhalifa hao.

KILICHOBAKI

Anayepita Ziwa Tanganyika leo ataziona alama za dola ile. Mpala yapo makazi ya misheni mahali pa ngome ya Storms. Kusini yake ni Moba, zamani Baudouinville, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1893, ambapo juu yake, Kirungu, lipo kanisa kubwa la matofali la enzi za Askofu Victor Roelens. Hapo ndipo alipopadrishwa Stefano Kaoze mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza kuwa padri katika zama hizi. Kiswahili kilichofika huko kwa miguu ya misafara ya Waislamu kikawa lugha ya mahubiri ya kanisa hilo.

Upande wetu, Karema, mkoa wa Katavi, ngome ya Wabelgiji iligeuzwa misheni. Ilijengwa karibu na maji, lakini ziwa likapungua miaka michache baadaye na kuiacha nchi kavu. Hapo aliishi Adriano Atiman, mtoto wa pande za Mto Niger aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri huko jangwani, akasomeshwa uganga Malta na kufika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1880. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Nao Ujiji ungali mji wa Waislamu, na adhana yake haijakatika.

Joubert alifariki mwaka 1927 karibu na Moba, miaka miwili tu kabla ya Papa kupata hekta zake 44. Alizipigania dola mbili za Kikatoliki, na zote mbili alizishuhudia zikianguka.

MAZINGATIO

Ukuta wa Leo ulijengwa baada ya uporaji. Ukuta wa Mpala ulijaa watu baada ya uvamizi. Mara zote mbili aliyeimarisha ngome ya wengine ni Mwislamu aliyeacha mipaka ya dini yake. Tofauti na hayo, tuangalie jinsi Uislamu ulivyoenea katika vijiji vya ziwa hili na la kwetu la Nyanza: kwa mwalimu wa chuo, kwa mfanyabiashara mwaminifu katika mizani, kwa jirani aliyeoa na kuzika pamoja na wenyeji. Hao hawakuwa na ngome, na kazi yao ndiyo iliyobaki.

Maimamu na walimu wa madrasa wana wajibu hapa. Kijana wa Nyasho anayesoma darasa moja na Wakristo ataulizwa juu ya utumwa. Asipofundishwa msikitini, atajibu kwa hasira au atanyamaza kwa aibu. Afundishwe hadithi ya aliyemuuza mtu huru, afundishwe fatwa ya Ahmad Baba, afundishwe fungu la fir-riqaab. Kisha aweze kusema bila kusita: waliofanya hayo walikuwa watu wetu, na dini yetu ndiyo ya kwanza kuwahukumu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuisema haki japo ni chungu. Wallahu a'lam.